Majani Yasiyotaka Slasha

Kuna majani ambayo ukishayapanda huhitaji tena kuyahangaikia. Nilisikia hivyo mara ya kwanza Kitale, upande wa Kibomet, miaka ya themanini, wakati ningali na nguvu ya kuweka gunia la mahindi begani bila kuita mtu. Siku hizi hata kiti naomba ruhusa kabla ya kuinuka. Lakini hayo ni mengine.

Nilikuwa mtu wa kutunza maua kwa boma la watu. Shule sikufika mbali, darasa la pili tu, halafu ng'ombe za baba zikanihitaji kuliko mwalimu. Kwa hivyo haya ninayaandika pole pole, na wewe unayesoma usome pole pole, na nikipotea njia nisubiri hapo hapo. Nitarudi.

Mwenye boma alikuwa mama mmoja mjane, mtu wa kutoka huko katikati ya nchi, aliyeuza nafaka mjini. Alikuwa amenunua nyumba ya mawe ambayo mzungu mmoja aliijenga akaiacha. Mbele ya nyumba palikuwa na mteremko, na mvua ya Kitale unaijua: leo unafyeka, kesho kutwa nyasi imekufika magotini inakuuliza habari. Mimi na slasha yangu, lile panga refu la kufyekea nyasi, tulikuwa kwa huo mteremko kila wakati, na mama yule alikuwa anaketi veranda na magoti yake mabovu, amefunga leso kichwani, ananisikiliza kama mtu anayesikiliza jino likiuma.

"Wewe," akaniambia siku moja, "hiyo fyu-fyu yako inanimaliza. Hakuna kitu ya kijani inaweza kukaa hapo bila wewe?"

"Bila mimi, mama, kuna magugu."

"Magugu nayajua, hata kwetu yako. Nataka kitu inajimea yenyewe lakini mgeni akija anafikiri nimejisumbua."

Ni yeye mwenyewe aliyekumbuka kwamba nyuma ya nyumba, chini ya miti ya misaiprasi ambako jua halifiki, kulikuwa na majani fulani ya kutambaa yaliyoachwa na mzungu. Tulienda tukayaangalia, yeye akiegemea fimbo. Yalikuwa na kamba ndefu kama za viazi vitamu, majani magumu yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, na maua machache ya buluu. Hakuna mtu aliyekuwa ameyashika tangu mzungu aondoke, na yalikuwa mazima kuliko chochote kwa lile boma, kuliko hata sisi wawili.

Kuyapanda ni kama viazi vitamu tu. Unakata kamba urefu wa mkono hadi kiwiko, unafukia vifundo viwili, ncha unaiacha nje ipumue. Unapanda mvua ndefu zikianza. Msimu wa kwanza unapalilia, maana bado ni watoto, magugu yatawaonea. Ukivuka msimu huo, basi, yameshikana mikono na hayaruhusu kitu kingine kupita. Mwezi wa kwanza wa mwaka, upepo unapokausha Kitale yote ikawa rangi ya mbwa, yenyewe yako kijani. Ng'ombe hayali, ni machungu. Mbuzi naye alijaribu mara moja akatema, na unajua mbuzi hana dharau kwa chakula.

Mteremko ulipofunikwa, mama yule alikaa veranda kwa kimya chake na akafurahi, ingawa uso wake haukuzoea kazi hiyo. Lakini alinionya.

"Hayo hayana kazi, ila moja tu. Mvua ikianza ukate mpaka, kamba zote zinazotoka nje, mvua ikiisha ukate mpaka. Yule mzungu mzee alikuwa anakata mwenyewe, hata akiwa mgonjwa. Ukiyaacha yavuke, hutajua tena ulipanda wapi."

Nikasema ndiyo mama. Nilikata mpaka. Neno lenyewe halikuniingia, lilikaa tu kwa sikio.

Sasa nikuambie kwangu. Mimi kwetu ni Sirisia, Bungoma, lakini shamba la baba lilipogawiwa sisi ndugu lilikuwa kama mkeka mmoja wa watu wengi, ukigeuka unamsukuma mwenzako. Kwa hivyo nikiwa kijana nilihamia upande wa Trans-Nzoia, chini ya mlima, nikapata kipande kidogo, nikajenga nyumba ya udongo yenye mabati. Jumamosi nilikuwa napiga baiskeli kutoka Kibomet naenda nyumbani. Mke wangu alikuwa anapanda sukuma wiki na mrenda na kuuza sokoni Matisi. Tulikuwa na vijana wawili. Baadaye akazaliwa msichana.

Msichana hakukaa. Alipatwa na homa ule mwezi wa baridi ambapo ukungu unashuka kutoka mlimani hadi kwa mlango, na hakuwa amejifunza hata kuketi. Sitaandika zaidi hapo.

Kwa watu wetu, au niseme kwa wale wazee niliowaona mimi, mtoto mchanga hapelekwi mbali. Anazikwa kando ya ukuta wa nyumba, nyuma, karibu na mahali mama yake anaweka kichwa akilala. Hakuna msalaba, hakuna mawe, udongo haurundikwi. Ni mama ndiye alama. Yeye ndiye anajua, na anayetaka kujua anamuuliza.

Hiyo sehemu ya nyuma ilikuwa na taabu zake. Maji ya mabati yalikuwa yanaangukia karibu na hapo, yanachimba. Na kuku. Kuku hana adabu, akiona udongo laini anachakura. Mke wangu aliacha kwenda Matisi. Aliketi nyuma ya nyumba kutwa, na kijiti, anafukuza kuku. Nilikuja Jumamosi nikamkuta hapo, nikarudi Jumamosi nyingine nikamkuta hapo. Chungu kimepoa, watoto wanakula mahindi ya kuchoma kwa jirani.

"Chinja kuku wote," nikamwambia.

"Nikichinja wetu, wa jirani watakuja. Nitachinja wa jirani?"

"Tuweke mawe."

"Mawe tunaweka mtu mzima. Unataka nimwekee mtoto mawe kifuani?"

Ndipo nikakumbuka yale majani. Nikamwomba mama wa Kibomet kamba chache, nikamwambia ni za wapi. Kisha akasema nichukue za chini ya misaiprasi, hizo za zamani, si za mteremko, kwa sababu za zamani zimezoea kivuli. Akaongeza, "Na mwambie mama yake kuhusu mpaka." Nikafunga kwa gunia bichi nyuma ya baiskeli.

Tulipanda pamoja, mimi nikitoboa, yeye akifukia. Alifukia kwa vidole, hakutaka jembe. Msimu huo alipalilia, na mwaka uliofuata kulikuwa na kitanda kidogo cha kijani nyuma ya nyumba yetu, upana wa mkeka wa mtoto. Maji ya mabati yaliangukia majani yakasambaa polepole. Kuku walikuja wakasimama ukingoni, wakainua mguu, wakaushusha tena. Mke wangu akarudi Matisi.

Mpaka alikuwa anaukata mwenyewe. Alikuwa na kisu cha jikoni kilichoisha kikawa chembamba kama jani la muwa, na kazi yake ilikuwa hiyo tu, hata kitunguu hakikukatwa nacho. Mvua ikianza alipiga magoti akaanza upande wa kichwa, akazunguka. Mimi fundi wa majani nilitaka kusaidia, nikaambiwa nikaone ng'ombe.

Sisemi tulikuwa na furaha. Nasema kulikuwa na mahali pa kuweka lile jambo, na lilikaa hapo.

Halafu ikaingia miaka ya tisini, na watu walioazimana chumvi wakaanza kuulizana, babu yako amezikwa wapi. Hilo swali si la kujibu haraka, kwa sababu ukijibu wapi, wanakuonyesha njia ya kwenda huko. Babu zangu wote wako Sirisia, sikatai. Lakini binti yangu alikuwa pale. Hakuna aliyeuliza kuhusu binti.

Siku yenyewe hatukuwa nyumbani hata mmoja. Vijana walikuwa shule, mke wangu alikuwa Matisi na mboga zake, mimi nilikuwa kwa mteremko wa mama nimeinama nakata mpaka. Niliona moshi upande wa mlima nikafikiri mtu anachoma mabua. Baadaye mtu akaja na baiskeli akaniambia, usiende. Chukua mke wako na watoto, usiende. Hivyo ndivyo tulivyoondoka kwetu, bila kufunga mlango. Mke wangu alipanda lori la mahindi kwenda Bungoma akiwa na kapu lenye sukuma wiki ambazo hazikuuzwa, na hakuniambia neno hadi tulipovuka daraja la mto.

"Mvua inaanza," akasema. "Nilikuwa nikate wiki hii."

Kaka yangu mkubwa alitupokea Sirisia. Ni mtu mzuri, ila anapenda kukumbusha. Alitupa mahali karibu na shamba lake la kahawa, tukajenga nyumba ndogo. Mke wangu alifagia ua, akapika, akaenda kanisani, akazungumza na wake wa ndugu zangu. Ukimwona ungesema amefika. Lakini nyuma ya nyumba ile mpya, chini ya ukuta, hakuruhusu mtu kuweka kuni wala kutupa maji. Palikaa patupu, panafagiwa. Kaka yangu aliuliza nafasi hiyo ni ya nini, akajibiwa ni ya mgeni.

Miaka ikaenda. Kule watu wakatulia, ati wakasema yameisha. Yaliisha kwa waliobaki. Vijana wangu wakakua, wakatoka kutafuta kazi. Kisha mke wangu akaanza kuvimba miguu, ikapanda hadi tumbo. Tulienda hospitali, tukarudi, tukaenda, tukarudi. Ikafika wakati yeye mwenyewe akasema sasa tukae.

Asubuhi moja nilikuwa nampa uji.

"Baba yao."

"Naam."

"Mtoto analala kwa watu."

Nikaweka kikombe chini.

"Nenda uniletee udongo wake," akasema. "Si mwingi. Kiganja. Tutamweka hapo nyuma. Nikifa kabla hajakuja, mtakuwa mmenizika nusu."

Hiyo ni desturi ya kweli, hakuibuni. Mtu akihama, na mtu wake alilala alikotoka, anachota udongo wa hapo anakuja nao, na ule udongo unahesabiwa ni mtu. Nikamwambia nitaenda. Akaniambia nichukue pale penye kichwa. Nikasema napajua. Na kweli nilidhani napajua.

Nilipanda matatu hadi chini ya mlima, nikashuka barabarani nikatembea. Kijito kilikuwa pale pale, na lile jiwe kubwa la kunolea mapanga. Nilipanda kilima kidogo nikafika kwangu, nikasimama.

Hakukuwa na kwangu. Kuta za udongo zilikuwa zimeyeyuka na mvua za miaka yote hiyo. Mabati yalikwenda, nguzo zilikwenda kuwa kuni, migomba ilikatwa, mkaratusi wa kona ulikatwa hata kisiki kikachomwa makaa. Hayo nilikuwa nimeyatarajia. Ambacho sikutarajia ni kijani. Kutoka penye njia hadi karibu na kijito, juu ya ua, juu ya ilipokuwa nyumba, juu ya boma la ng'ombe, kila mahali, yale majani. Yaling'aa. Yalinifika chini ya goti. Na maua ya buluu, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta kitanda kimoja kimejaa toka ukuta hadi ukuta, na hajui mwenye kulala yuko upande gani.

Hakuna aliyekata mpaka. Nani angekata?

Nikaingia ndani yake na fimbo, nikigonga chini. Nilikuwa natafuta mafiga, kwa maana nikipata mafiga nimepata jiko, nikipata jiko nimepata ukuta. Fimbo ilizama mara moja ikakosa chini, nikarudi nyuma jasho likinitoka. Hicho kilikuwa choo chetu. Ndipo nikasikia mtu.

"Nani huyo anakanyaga majani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi wa hapa."

Alikuwa jirani yangu wa zamani, mtu wa mlima, yule tuliyekuwa tunaunganisha dume langu na lake kwa plau moja. Yeye hakufukuzwa, babu zake wamezikwa huko huko. Aliniangalia kutoka miguu hadi kofia.

"Umezeeka vibaya," akasema.

"Na wewe ulikuwa mbaya kabla ya kuzeeka."

Akacheka, kisha akakumbuka akaacha. Tulisalimiana kwa mikono miwili. Nyuma yake niliona kwake, na kwa kibanda chake cha kuku niliona mlango wangu. Ulikuwa na kipande cha bati nilichopigilia mwenyewe ulipopasuka. Aliona ninachoangalia.

"Niliutoa kwa moto," akasema.

"Asante."

"Unautaka?"

"Nitauweka wapi?"

Basi tukauacha huo mlango, ukae na kuku.

Nilimwambia nilichofuata. Alivua kofia, kwa sababu siku ile ya homa ni yeye aliyenisaidia kuchimba. Tukaanza kutafuta wawili. Akasema nyumba ilikuwa huku chini. Nikasema hapana, ilikuwa pale juu, njia ilipita mbele yake. Akasema njia ilisogezwa watu walipoanza kupitisha ng'ombe.

"Bana, mimi ndiye nililala ndani ya hiyo nyumba," nikamwambia.

"Ulilala umefunga macho. Mimi niliiangalia nimeyafungua."

Nilifukua huku chini, nikafukua pale juu. Kote kulikuwa na vipande vya mkaa. Nikafikiri kama mtu wa kazi: mahali yalipoanzia, mizizi itakuwa minene, mizee. Nikapiga magoti nikafuata kamba moja, ikazaa nyingine, nayo ilikuwa imezamisha mizizi kila kifundo, na kila kifundo kilikuwa kizee kama mwenzake. Hakukuwa na mwanzo. Kichwani nilimsikia yule mama wa Kibomet, wakati huo naye ameshalala kaburini, akisema hutajua tena ulipanda wapi.

"Wewe ulimwona mama yake akikata," nikamwambia jirani. "Alikuwa anapiga magoti wapi?"

"Pale," akasema.

"Pale wapi?"

"Pale." Na mkono wake ukapita juu ya kijani yote, ukarudi mfukoni.

Akaniambia kwamba kuna watu waliokuja kulima hapo baada yetu. Plau ilijaa kamba, ng'ombe wakakwama, wakalaani, wakahamia kipande kingine. "Haya majani yamekulindia hapa kuliko polisi," akasema. Hilo lilikaa vibaya moyoni mwangu, kwa sababu lilikuwa kweli. Hakuna jembe lililomgusa mtoto. Kilichomlinda ndicho kilichomficha, na mimi ndiye niliyekibeba kwa baiskeli.

Jua lilikuwa limeelekea upande wa Bungoma.

"Chota popote," jirani akasema. "Udongo ni udongo."

"Wewe watu wako umewazika popote?"

Alikwenda kwake akaniletea mfuko mtupu wa unga. Nikapita mahali ambapo ukuta ungeweza kuwa, chini na juu, nikawa nachota kidogo hapa, kidogo hapa, kidogo hapa. Mfuko ukawa mzito, na kamba za majani zikaingia humo humo kwa sababu udongo huo haukubali kutoka peke yake.

Mke wangu alikuwa ameketi kitandani ananisubiri, amechana nywele. Nilimweleza yote kama ilivyokuwa. Sikuweza kufanya vingine. Yule mwanamke alikuwa anaona uongo ukiwa bado njiani. Alisikiliza hadi mwisho.

"Maua yalikuwepo?"

"Yalikuwepo."

Akafungua mfuko akatazama ndani.

"Nilikutuma mtoto," akasema. "Umeniletea shamba."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika. Hakukubali udongo ule umwagwe nyuma ya nyumba. Aliuweka chini ya kitanda upande wa kichwa, na wakati mwingine mkono wake ulining'inia ukiwa ndani ya mfuko. Siku moja mchana nilitoka kwa kahawa nikamkuta ameketi kwenye mkeka, ungo kwa mapaja, ameumwaga udongo kidogo ndani ya ungo, anauchambua. Alikuwa anachambua vile wanawake wanachambua maharagwe, mkaa upande huu, vijiwe upande huu, mizizi upande huu. Nilirudi nje polepole. Sijui alikuwa anatafuta nini na sitaki mtu anielezee. Baadaye niliona kila kitu kimerudi mfukoni.

Alikufa mvua ndefu zilipoanza.

Siku ya kuzika, kaka yangu alinivuta kando ya kahawa. Alijua habari ya mfuko, nyumba zetu ziko karibu.

"Hiyo kitu usiiweke," akasema. "Udongo ambao hujui ni wa nani hauingii kwa kaburi. Kama umechota mahali mbaya? Kama ni jasho la watu waliowachomea?"

"Inawezekana."

"Sasa?"

"Sasa yeye alisema akienda bila mtoto tumemzika nusu."

"Na kama mtoto hayuko humo?"

"Basi tumemzika nusu, kaka. Lakini nisipouweka, hiyo nusu najua mimi ndiye nimeiacha chini ya kitanda."

Yeye kama nilivyosema ni mtu mzuri. Wengine walipokuwa wanaimba alisimama mbele yangu na koti lake kubwa, mimi nikamwaga mfuko upande wa kichwa, mkaa, vijiwe na vyote. Uliangukia juu ya sanduku na sauti ya udongo wowote. Nilisikiliza kama kuna tofauti. Hakukuwa.

Kaburi halikuwa na kitu. Sikupanda chochote, moyo haukutaka, na kaka yangu alikuwa anasema simiti, simiti, ili likae safi bila kazi. Mvua zilipokuwa zinakaribia kwisha nikaona kifundo kimoja cha kijani kinatoka upande wa kichwa, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Kamba moja ilikuwa imenusurika kule chini, au nyingine ilianguka juu wakati wa kufukia. Mimi ni mtu wa kazi hiyo, najua inavyokuwa: kifundo kinakaa kwa gunia muda mrefu kikionekana kimekufa. Kwa hivyo sikuambii ni mtoto. Wake wa ndugu zangu walisema ni mtoto. Wanangu walisema, baba, si ni majani tu. Mimi nilimwambia kaka yangu asahau simiti.

Yamefunika sasa. Nimezungusha mawe kwa nje, si juu yake, na mvua zikianza nakwenda hapo na kisu cha jikoni, si kile chake, kile kiliungua. Magoti hayapendi. Upande wa kahawa yamejaribu kuvuka mawe mara nyingi, na nimewaonyesha wanangu kwa mguu mpaka uko wapi, nao wamesema wameona, huku wanaangalia barabara. Nikishapumzika kidogo naanza kukata. Naanza upande wa kichwa, halafu nazunguka, kama alivyokuwa anafanya mwenyewe.